Booker Washington na Tanuri la Nne

Kazi ya ujenzi haifundishwi kwa ubao na chaki peke yake. Aliyelithibitisha neno hilo katika nchi ya Marekani ni mtu aliyezaliwa mtumwa.

Booker T. Washington alizaliwa mwaka 1856 katika shamba moja la Virginia, ambako mama yake alikuwa mpishi. Uhuru ulipokuja mwaka 1865, umaskini haukuondoka. Mtoto yule alifanya kazi kwenye matanuri ya chumvi, kisha katika machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka 1872 alifunga safari kwenda chuo cha Hampton, na mtihani wake wa kuingia ukawa kufagia chumba.

Mwaka 1881 aliitwa Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kuanzisha chuo cha watu weusi. Alianza na wanafunzi 30 katika kibanda kilichovuja. Wazazi wengi walinung'unika, wakisema kuwa watoto wao wamekuja kusoma vitabu, si kufanya kazi za sulubu kama watumwa. Washington hakubishana nao. Alitwaa shoka, akatangulia mwituni kufyeka.

Majengo yalihitaji matofali, na mjini hapakuwa na kiwanda cha matofali. Wanafunzi wakaingia shimoni, matope yakiwafika magotini, wakafyatua maelfu ya matofali. Tanuri la kwanza likaharibika, la pili vivyo hivyo, na la tatu pia. Fedha zilipokwisha, Washington aliweka rehani saa yake kwa dola 15, asiikomboe tena. Tanuri la nne likafaulu.

Tangu hapo, uashi na useremala vilifundishwa kwa kujenga madarasa na mabweni yenyewe. Robert Taylor, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu usanifu wa majengo katika chuo cha MIT, alichora ramani, na wanafunzi wakazisimamisha kuta. Ilipofika mwaka 1901, chuo kilikuwa na majengo mengi, na yote isipokuwa manne yalikuwa karibu kazi tupu ya wanafunzi. Hata majirani weupe walikuja kununua matofali yao.

Hata hivyo, haki yataka tuseme na upande wa pili. Mwaka 1895, mjini Atlanta, Washington aliwashauri watu wake watangulize kazi na kuacha kwanza madai ya siasa. W.E.B. Du Bois alimpinga mwaka 1903, akiona kwamba fundi asiye na kura hawezi kuilinda nyumba yake. Nao wakoloni walivutiwa na upande ule uliowafaa: mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikisifu elimu ya mikono kwa Mwafrika, wakati utawala ukibaki mikononi mwa wengine.

Washington alifariki mwaka 1915. Tuchukue kwake lile tanuri la nne: kijana hujifunza kujenga kwa kujenga, na kuharibikiwa ni sehemu ya somo. Lakini tusitenganishe mwiko na kura. Mwenye kuijenga nyumba hana budi kuwa na sauti katika nchi iliyoibeba nyumba hiyo.