Buckminster Fuller: Mjenzi wa makuba ambaye jina lake limo katika kaboni

Chukua mpira wa miguu wa mtindo wa zamani, ule wa viraka vyeusi na vyeupe, uhesabu viraka vyake. Utapata vyeusi 12 vyenye pembe tano na vyeupe 20 vyenye pembe sita. Umbo hilo hilo linapatikana katika chembe ya kaboni ndogo sana, isiyoonekana kwa macho. Chembe hiyo ina jina la Mmarekani ambaye hakuwa mkemia, na aliyefariki miaka 2 kabla haijagunduliwa. Leo tunakusimulia maisha ya Richard Buckminster Fuller.

Fuller alizaliwa tarehe 12 Julai 1895 huko Milton, jimbo la Massachusetts. Alifukuzwa Chuo Kikuu cha Harvard mara mbili na hakuhitimu. Alifanya kazi viwandani, kisha akalitumikia jeshi la wanamaji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 alimwoa Anne Hewlett.

Mwaka 1922 msiba uliingia nyumbani. Binti yao wa kwanza, Alexandra, aliugua akafariki kabla ya kutimiza miaka 4. Fuller alishuku kuwa baridi na unyevu wa makazi yao vilichangia. Miaka 5 baadaye alipoteza kazi katika kampuni ya ujenzi aliyoianzisha na baba mkwe wake, wakati ambapo mtoto mwingine, Allegra, ndiyo kwanza amezaliwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, alisimama kando ya Ziwa Michigan akiwa na mawazo ya kujiua. Akaghairi, na akaamua kutafuta namna ya kuwapatia watu makazi bora kwa vifaa vichache.

Haikuwa rahisi. Nyumba yake ya bati jepesi la alumini haikupata soko. Gari lake la magurudumu matatu, la mwaka 1933, nalo halikufika mbali. Mwaka 1948 alijaribu kusimamisha kuba pamoja na wanafunzi wa Black Mountain College, North Carolina, likalala chini bila kuinuka. Mwaka uliofuata alirudi na mabomba mepesi ya alumini, na safari hii kuba lilisimama. Yeye na wanafunzi wake wakaning'inia juu yake kuonyesha uimara wake.

Siri ilikuwa pembetatu. Fremu ya pembe nne ukiisukuma upande inapinda, ndiyo maana fundi seremala huipigia ubao wa mshazari. Pembetatu haipindi. Fuller aliziunganisha pembetatu nyingi zikafanya duara, na uzito ukagawanyika kote. Hakuwa wa kwanza: Mjerumani Walther Bauersfeld alijenga kuba la namna hiyo mjini Jena katika miaka ya 1920. Lakini Fuller ndiye aliyelisambaza, na mwaka 1954 alipata hataza yake Marekani.

Mwaka 1967 kuba lake lilisimama kwenye maonyesho ya dunia mjini Montreal, Kanada, likiwa na upana wa mita 76. Mwaka 1976 moto uliteketeza ngozi yake ya plastiki, lakini fremu ya chuma ilibaki imesimama hadi leo. Fuller alifariki tarehe 1 Julai 1983 mjini Los Angeles. Anne, aliyekuwa mahututi hospitalini, alimfuata siku mbili hazijatimia.

Septemba 1985, katika Chuo Kikuu cha Rice, Texas, Mwingereza Harold Kroto na Wamarekani Richard Smalley na Robert Curl walikuwa wakichunguza kaboni inayotoka kwenye nyota. Pamoja na wanafunzi wao walipiga kinywe kwa mwanga wa leza ndani ya gesi ya heli. Kinywe ni madini yanayotiwa katika penseli, na hupatikana pia Lindi na Mahenge nchini Tanzania. Kila mara vipimo vilionyesha chembe zenye atomi 60. Zimeshikanaje?

Kroto alikumbuka kuba la Montreal, alilowahi kulitembelea. Pembesita peke yake hulala bapa, kama sega la nyuki. Ukichanganya na pembetano, zinaanza kujikunja. Smalley alikata karatasi usiku, akaunganisha pembetano 12 na pembesita 20, akapata mpira wenye ncha 60 kamili. Wakaipa chembe hiyo jina la Fuller, na jamii yake yote sasa huitwa fulerini. Mwaka 1996 watatu hao walipata Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mwaka 1990 watafiti walipata njia ya kutengeneza fulerini kwa wingi. Ikichanganywa na potasiamu na kupozwa sana, hupitisha umeme bila upotevu wowote. Imetumika pia katika paneli za jua za plastiki, kwa kuwa hupokea elektroni kwa urahisi. Hata hivyo bado ni ghali, na kazi yake kubwa hadi sasa iko maabara.

Fulerini zimepatikana pia katika masizi ya baadhi ya miali ya moto, na mwaka 2010 wanaastronomia walitangaza kuziona angani. Umbo ambalo Fuller alihangaika kulisimamisha kwa mabomba lilikuwapo siku zote, ndani ya moshi.