Granville Woods: Fundi wa Stima Aliyezikwa Bila Jina Kaburini

Sisi wa Kangemi hatuhitaji kufundishwa shida ya kukosa stima. Ikipotea jioni, mashine za kusaga posho zinanyamaza, mafundi wa kuchomelea vyuma wanakunja vyombo vyao, na sisi wanafunzi tunabaki gizani tukipiga kelele hadi mwalimu wa zamu atokee. Ikirudi, mota zinaanza kunguruma tena na maisha yanaendelea.

Siku moja mwalimu wetu wa Fizikia alituuliza ni nani waliohangaika mpaka stima ikakubali kuvuta gari la moshi. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: Edison! Mwalimu akatabasamu, akaandika ubaoni jina ambalo huko Marekani lina sifa kubwa lakini hapa kwetu wachache wanalijua. Jina lenyewe ni Granville Woods, na huyu bwana alikuwa mtu mweusi.

Granville Woods alizaliwa tarehe 23 Aprili 1856 katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Wakati huo watu weusi wengi wa majimbo ya kusini walikuwa bado watumwa, na utumwa haukufutwa nchini mwote hadi mwaka 1865. Ohio haikuwa na utumwa, lakini umaskini ulikuwepo. Akiwa na umri wa miaka 10 hivi kijana huyu aliacha shule, akaingia karakana ya vyuma kujifunza kazi. Mchana alishika nyundo, usiku alisoma vitabu. Baadaye alifanya kazi kwenye reli, akitia makaa katika injini ya mvuke. Mwaka 1878 akaajiriwa katika meli ya Kiingereza iitwayo Ironsides, na kabla ya miaka miwili kwisha alikuwa mhandisi wake mkuu. Pamoja na ujuzi huo wote, kupata kazi ya hadhi nchi kavu kulimshinda. Makampuni yaliangalia ngozi kwanza, ujuzi baadaye.

Basi akaamua kujitegemea, akahamia Cincinnati. Mwaka 1884 alipata hataza yake ya kwanza, yaani ile hati ya serikali inayomtambua mtu kuwa ndiye mwenye uvumbuzi. Ilikuwa ya tanuri la kuchemshia maji ya injini ya mvuke. Alianza na mvuke, akaishia kwenye umeme. Hata sisi Wakenya tumepita njia hiyo hiyo kwa ulimi, maana neno letu "stima" lilitokana na mvuke kabla halijawa jina la umeme!

Jambo lililompa sifa ni lile la mwaka 1887. Siku hizo magari ya moshi yaligongana mara kwa mara, kwa sababu treni ikishaondoka stesheni hakuna aliyejua imefika wapi. Woods alibuni telegrafu ya kutuma habari kati ya treni inayotembea na stesheni. Hakuna waya ulioigusa treni. Umeme katika nyaya za kando ya reli uliamsha umeme mwingine katika koili iliyofungwa chini ya behewa, kama tunavyosoma katika somo la sumaku na umeme.

Hapo ndipo mambo yalipochacha. Watu wengine, Thomas Edison mwenyewe akiwa miongoni mwao, walidai kwamba wao ndio waliotangulia. Fikirini: mtu mweusi asiye na mali anashindana na mvumbuzi tajiri wa Marekani! Lakini Woods alikuwa ametunza michoro na maandishi yake yote, na ofisi ya hataza ikaamua kuwa haki ni yake. Inasimuliwa kwamba baadaye Edison alimwita aje amfanyie kazi, Woods akakataa. Alitaka kuwa bwana wa kazi yake.

Karibu mwaka 1890 alihamia New York. Treni za barabarani zilizoendeshwa kwa mota zilikuwa zimeanza kuenea, lakini nyaya zilining'inia juu ya vichwa vya watu, na reli ya umeme iliyolazwa chini wazi ingeua mtu au punda akiikanyaga. Woods alitafuta njia ya katikati. Alipanga vipande vya chuma chini, kimoja kimoja, katikati ya reli. Kila kipande kilikuwa na swichi yake ya sumaku. Gari likifika juu yake, swichi inajifunga na mota inapata stima. Gari likipita, swichi inajifungua na kipande kinakuwa chuma tupu. Hakuna mtu wa kuwasha wala kuzima. Mwaka 1892 mtambo wa namna hiyo ulionyeshwa ukifanya kazi huko Coney Island, New York.

Badala ya tuzo alipata jela. Alikosana na kampuni aliyoshirikiana nayo, akatangaza gazetini kuwaonya wafanyabiashara kwamba uvumbuzi ule ni wake. Akashtakiwa kwa kuharibia watu jina, na kwa kukosa pesa za dhamana akafungiwa. Kesi iliposikizwa, aliachiliwa bila hatia.

Hakufa moyo. Mwaka 1896 alipata hataza ya kupunguza na kuongeza nguvu ya umeme bila kupoteza mwingi kama joto, jambo lililofaa taa za majumba ya maonyesho. Mwaka 1900 akaandikishiwa kifaa cha kukata stima chenyewe, na pia mashine ya umeme ya kuangulia mayai ya kuku. Baadaye, pamoja na ndugu yake Lyates, alibuni breki za hewa za treni. Hataza zake zilizidi 40, na nyingine zilinunuliwa na makampuni makubwa kama General Electric na Westinghouse.

Lakini kesi na mawakili vilimla pesa. Granville Woods alifariki tarehe 30 Januari 1910 katika hospitali ya Harlem, akiwa maskini. Akazikwa New York katika kaburi lisilo na hata jiwe la jina. Miaka 65 ilipita. Mwaka 1975 ndipo jiwe likawekwa.

Ndugu msomaji, mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na sisi hapa Kenya bado tunangoja yetu. Siku itakapofika, huenda ikaendeshwa na mmoja wetu wa Kangemi. Akumbuke kwamba mota ile haikutoka mbinguni.

Nami nimejifunza mawili kwa bwana huyu. La kwanza, tunza daftari lako. Michoro yake ndiyo iliyomwokoa mbele ya matajiri. La pili ni lile la wahenga: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwalimu akituuliza tena, tusikimbilie jina moja tu.