MUYAKA: MALENGA ALIYEPATA WASIKILIZAJI BILA KITABU

Muhula uliopita nilibandika shairi langu kwenye ubao wa chama chetu. Wiki nzima halikusomwa na mtu isipokuwa mwalimu mlezi, naye husoma kwa kuwa ni kazi yake. Nikakata tamaa kabisa. Ndipo nilipokutana na habari za Muyaka.

Muyaka bin Haji alizaliwa Mombasa mnamo 1776 hivi. Si mbali, kutoka hapa Malindi ni kilomita 120 tu. Siku hizo pwani nzima haikuwa na mtambo wa kupiga chapa. Tungo nyingi zilizoandikwa zilikuwa tenzi ndefu za dini. Yeye akautoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Alitunga beti za mishororo minne, ambazo mtu akizisikia leo, kesho anazo kichwani. Alitunga juu ya mapenzi, ukata na fitina, yaani mambo yaliyowakuta watu wenyewe.

Tena hakutunga peke yake. Malenga walijibizana kwa mafumbo, na watu wakingoja kusikia nani kazidiwa. Mambo yalipochacha baina ya Mazrui wa Mombasa na Seyyid Said, Muyaka alisimama na mji wake, na mashairi yakawa silaha. Mazrui waliangushwa mwaka 1837. Muyaka akafariki mnamo 1840, bila kuona diwani yake.

Basi alisahauliwa? Wapi! Miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua, naye malenga wa Mombasa, aliyakusanya mashairi yale akishirikiana na mmishonari William Taylor, yuleyule aliyetoa kitabu cha maneno ya Kigiriama mwaka 1891. Diwani ilichapishwa 1940, tena huko Johannesburg. Karne nzima bila kitabu, na bado watu walikuwa naye!

Mimi nimepata funzo. Shairi langu lilihusu ua waridi, na hapa shuleni waridi lenyewe hatuna. Sasa nimetunga fumbo juu ya foleni ya mfereji wetu mmoja, nikalisoma wakati wa chakula. Kabla ya kengele, msichana wa kidato cha pili alikuwa ameshanijibu kwa ubeti, tena wa kunichoma hasa. Sijafurahi hivyo mwaka huu. Nyinyi wengine, mnangoja nini? Nijibuni!