Leakey na Ziwa Lililozama Bonde la Nakuru

Juzi nilikuwa Bahati, kaunti ya Nakuru, kumjulia hali shemeji yangu. Akaniambia kule bondeni palikuwa maji matupu zamani. Nikacheka, kwani sisi wa pwani hudhani maji mengi ni ya bahari tu. Kisha nikamkumbuka Louis Leakey.

Alizaliwa Kabete mwaka 1903, mwana wa wamishonari Waingereza, akakua akisema Kikikuyu. Baada ya masomo Cambridge, alirudi mwaka 1926 kuchimba karibu na Elmenteita. Wengi twamjua kwa mafuvu ya Olduvai, aliyoyatafuta pamoja na mkewe Mary. Mimi hunivutia zaidi kazi yake ya ujanani. Katika Pango la Gamble, juu kabisa ya ziwa la leo, alikuta changarawe za ufuo chini ya vifaa vya mawe vya watu wa kale. Mvuvi yeyote wa kwetu angejua kokoto za namna ile husuguliwa na mawimbi. Leakey akatambua kwamba Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja.

Hapo alipatia, ila wakati ndio uliomponyoka. Aliamini mvua kubwa za Afrika zilikwenda sambamba na barafu ya Ulaya, na katika mkutano aliouandaa Nairobi mwaka 1947 wataalamu wengi walikuwa upande wake. Vipimo vya kaboni vilivyokuja baadaye vilionyesha ziwa lilifura barafu ilipokwisha kuyeyuka, kiasi cha miaka 10,000 hadi 8,000 iliyopita, likafika kina cha mita 180 hivi. Kuyeyuka huko ndiko kulikoinua bahari yetu zaidi ya mita 100. Kilindini na Tudor, msomaji wangu, yalikuwa mabonde ya mito!

Simsifu kwa yote. Alikuwa mkalimani katika kesi ya Kenyatta, Kapenguria, na wako Wakikuyu wasiomsamehe. Alifariki London, Oktoba 1972, akazikwa Limuru.

Tangu miaka ya 2010 Ziwa Nakuru limepanda tena, hata lango kuu la mbuga likamezwa na maji. Shemeji alikuwa anataka kununua kiwanja kule chini kwa bei rahisi. Nilimwambia kabla ya kutoa pesa aulize Pango la Gamble liko wapi, kisha apime kwa macho kutoka pale hadi kiwanjani.