Eduardo Mondlane: mwanasosiolojia aliyeacha ualimu Marekani akaenda kupigania Msumbiji

Wengi wanajua jina la Eduardo Mondlane juu ya FRELIMO, chama kilicholeta uhuru wa Msumbiji. Wachache njo wanajua kwamba mbele ya siasa alikuwa mtu wa masomo, mwenye masta na udaktari wa sosiolojia. Tena masomo hayo aliyatafuta kwa njia ndefu, kutoka inchi moja mpaka ingine.

Alizaliwa tarehe 20 mwezi wa sita 1920, upande wa Manjacaze, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa shefu wa kimila wa Watsonga. Eduardo alichunga mifugo mpaka karibu miaka kumi na miwili. Mama yake njo alimsukuma aende shule, akasoma kwa wamisionari Waprotestanti wa Uswisi.

Wakati ule serikali ya Wareno haikutaka mtu mweusi asome mbali. Ili ahesabiwe kama raia, alipaswa kwanza aonekane anaishi kama Mreno. Waliofaulu waliitwa asimilado, karibu sawa na evolue wa Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1950 hawakufika 5.000, na Waafrika wa Msumbiji walikuwa zaidi ya milioni tano. Chuo kikuu hakikuwepo hata kimoja.

Basi akatoka. Alimaliza sekondari Afrika ya Kusini, akaingia chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka 1949, serikali ya ubaguzi ikiwa na mwaka mmoja tu, akafukuzwa. Kurudi kwao, polisi wakamkamata na kumuuliza maswali juu ya kikundi cha wanafunzi alichosaidia kuanzisha. Mwaka 1950 akaenda kusoma Lisbon, huko nako polisi wakamfuata. 1951, akiwa na miaka 31, akavuka bahari kwenda Marekani kwa msaada wa masomo.

Digrii ya kwanza aliipata Oberlin mwaka 1953. Kisha akaingia Northwestern, karibu na Chicago, akafanya masta ya sosiolojia, na mwaka 1960 udaktari. Utafiti wake ulihusu rangi: namna kundi linavyomfundisha mtu kujiona mwenyewe na kuwaona wengine. Kwake hayo hayakuwa mambo ya vitabu tu, juu alishafukuzwa shule kwa sababu ya ngozi yake. Mwaka 1956 alimuoa Janet Johnson, Mmarekani mzungu, wakati majimbo mengi ya inchi ile bado yalikataza ndoa kama hiyo.

Alitumika Umoja wa Mataifa tangu 1957. Mwaka 1961 akatembelea Msumbiji, akaona vile watu wake wanaishi. Kazi ile ilimkataza siasa, basi akaiacha, akaenda kufundisha chuo kikuu cha Syracuse. Mwezi wa sita 1962 vyama vitatu viliungana Dar es Salaam kuwa FRELIMO, naye akachaguliwa rais. Mwaka uliofuata akaacha mshahara wa profesa, akahamia Dar na familia yake. Vita ilianza tarehe 25 mwezi wa tisa 1964.

Hakuacha shule nyuma. Dar es Salaam kukafunguliwa Taasisi ya Msumbiji, sekondari ya vijana wakimbizi, iliyoongozwa na Janet. Lakini hapo njo palitokea shida kubwa. Chama kilitaka wanafunzi wasimamishe masomo kwa muda, waende kutumika ndani ya Msumbiji. Wamoja walikataa, walitaka kuendelea mpaka vyuo vya ng'ambo. Mwezi wa tatu 1968 kukawa fujo, shule ikafungwa. Kwa Mondlane lilikuwa neno gumu: yeye aliyesoma mpaka miaka 40 alipaswa kuwaambia vijana wangojee. Hakubadilisha msimamo. Kwake diploma haikuwa ya kumtoa mtu kati ya wenzake.

Tarehe 3 mwezi wa pili 1969, Dar es Salaam, alifungua furushi lenye kitabu. Ndani mlikuwa bomu. Alikufa akiwa na miaka 48. Mwaka uleule kitabu chake juu ya mapambano ya Msumbiji kikatoka.

Uhuru ulikuja tarehe 25 mwezi wa sita 1975. Mwaka uliofuata, chuo kikuu cha Maputo, ambacho wakati wa Wareno karibu wanafunzi wake wote walikuwa wazungu, kilipewa jina la Eduardo Mondlane. Leo sosiolojia inafundishwa humo, na mtoto wa mchungaji kutoka Gaza anaweza kuisoma bila kutoka kwao.