Paul Ehrlich: Tabibu aliyefuata nyayo za rangi hadi ndani ya seli

Katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa ziwa Victoria, mwaka 1906 wagonjwa wa malale walipanga foleni mbele ya mahema ya daktari Mjerumani, Robert Koch. Dawa aliyowadunga iliitwa Atoxyl, mchanganyiko wenye arseniki. Vimelea vilitoweka katika damu, wagonjwa wakapata nguvu, na habari njema zikasafiri hadi Ulaya. Kisha baadhi yao wakaanza kupoteza nuru ya macho. Zaidi ya watu 20 walipofuka kabisa.

Maelfu ya kilometa kutoka hapo, katika jiji la Frankfurt, mtu mwingine alikuwa akihangaika na swali lililozaliwa na msiba huo. Dawa ikiingia mwilini, huenda wapi? Kwa nini seli moja huipokea na nyingine huikataa? Mtu huyo alikuwa Paul Ehrlich, na alikuwa amelifuata swali hilo kwa takriban miaka 30, akitumia kitu ambacho wengi walikiona ni cha viwanda vya nguo tu: rangi.

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia, ambao leo uko Poland na huitwa Strzelin. Wazazi wake, Ismar na Rosa, walikuwa Wayahudi. Jamaa yake, Karl Weigert, alikuwa miongoni mwa matabibu wa kwanza kutumia rangi mpya za viwandani ili kuonyesha bakteria chini ya hadubini. Kijana Paul aliyaona hayo mapema, na hakuyasahau.

Alisomea utabibu Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig. Hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano katika kila somo, lakini meza yake ya maabara ilijulikana kwa madoa ya kila rangi. Mwaka 1878 alipata shahada ya udaktari mjini Leipzig kwa tasnifu kuhusu nadharia na matumizi ya rangi katika uchunguzi wa tishu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza, lakini nzito katika matokeo yake. Rangi haishiki mahali popote ovyo. Hushika pale tu inapokutana na kitu cha kikemikali kinachoipokea. Kwa hiyo rangi ni zaidi ya pambo la hadubini: ni mjumbe anayerudi na habari za ndani ya seli.

Hadi wakati huo, tishu zilizotiwa rangi zilikuwa za wafu. Ehrlich alitaka kuona kilicho hai. Akiwa daktari kijana katika hospitali ya Charité, Berlin, aligeukia rangi ya ajabu iitwayo fluoresini, ambayo mkemia Adolf von Baeyer aliitengeneza mwaka 1871. Ikimulikwa, rangi hiyo hung'aa kijani kibichi hata ikiwa imechanganywa na maji mengi mno. Wahandisi walikwisha kuionja faida yake: mwaka 1877 kilo 10 zilimwagwa pale maji ya mto Danube yanapozama ardhini, na baada ya takriban saa 60 chemchemi ya Aach, ambayo maji yake huishia mto Rhine, ikatoka na mng'ao wa kijani. Siri ya njia za chini ya ardhi ikafichuka.

Mwaka 1882 Ehrlich alifanya jambo lile lile ndani ya mwili. Aliwadunga sungura fluoresini, kisha akawatazama machoni. Muda si mrefu, katika chumba cha mbele cha jicho, ulitokea mstari mwembamba wa kijani uliosimama wima. Bila kisu wala kumuua mnyama, alikuwa ameona kwa macho yake jinsi kitu kilichotiwa katika mwili kinavyosafiri na kujitokeza katika kiungo kilicho mbali. Hospitali za macho za leo, zinapopiga picha za mishipa ya damu ya retina, bado hutumia rangi hiyo hiyo.

Mwaka huo huo, tarehe 24 Machi, Ehrlich alikuwa ukumbini Berlin Koch alipotangaza kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu. Upesi akabuni njia bora zaidi ya kuwatia rangi bakteria hao, na msingi wa njia hiyo ungali ukitumika katika vipimo vya makohozi katika maabara nyingi duniani. Mwaka uliofuata alimwoa Hedwig Pinkus, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1885 alichapisha kitabu kuhusu mahitaji ya oksijeni mwilini. Aliwadunga wanyama rangi ambazo hubadilika zinaponyang'anywa oksijeni, akapima kwa njia hiyo ni tishu zipi zenye njaa kubwa ya hewa. Katika kazi hiyo aliona jambo lililomshangaza. Rangi kadhaa zilienea katika ini, figo, misuli na moyo, lakini ubongo ulibaki mweupe, kana kwamba haukuguswa. Ehrlich alidhani kuwa ubongo hauna kitu cha kuishika rangi hiyo. Hapo alikosea. Mwaka 1913 mwanafunzi wake wa zamani, Edwin Goldmann, alidunga rangi moja kwa moja katika maji yanayouzunguka ubongo, na ubongo ukashika rangi vizuri. Ilidhihirika kuwa ubongo ungeweza kuipokea rangi. Kilichozuia ni ukuta kati ya damu na ubongo, usioruhusu kila mgeni kupita. Ukuta huo ndio ambao wagonjwa wa malale wangekuja kuulipia gharama kubwa.

Rangi nyingine, buluu ya metileni, ilionyesha tabia tofauti: ilipenya ndani ya neva zilizo hai na kuzichora hadi ncha zake. Ehrlich aliona pia kuwa ilivishika vimelea vya malaria katika damu. Akajiuliza: ikiwa rangi yakichagua kimelea na kukishika, je, haiwezi kukidhuru? Mwaka 1891, akishirikiana na Paul Guttmann, aliwapa buluu hiyo wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin, nao wakapata nafuu. Tukio hilo huhesabiwa miongoni mwa mara za kwanza ambapo dawa iliyotengenezwa maabara ilitumika dhidi ya maambukizi ya binadamu.

Kabla ya hapo alikuwa amepita katika bonde la giza. Mwaka 1888 yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu, akaenda Misri kutafuta hali ya hewa kavu, akakaa huko hadi mwaka uliofuata. Aliporejea Berlin, Koch alimkaribisha katika taasisi yake mpya. Huko alimsaidia Emil von Behring kuifanya dawa ya dondakoo, itokanayo na damu ya wanyama waliochanjwa, ipimike kwa kipimo cha kuaminika ili iweze kuokoa watoto. Mwaka 1901 Behring alipata tuzo ya kwanza ya Nobel ya tiba, peke yake. Zamu ya Ehrlich ilikuja mwaka 1908, alipogawana tuzo hiyo na Élie Metchnikoff, mwanasayansi mzaliwa wa Dola ya Urusi, aliyekuwa ameonyesha jinsi seli nyeupe zinavyomeza vijidudu.

Kufikia wakati huo Ehrlich alikuwa Frankfurt, alikohamia mwaka 1899 kuongoza taasisi ya tiba ya majaribio. Mjane wa benki, Franziska Speyer, alitoa fedha za kujenga maabara nyingine kando yake, iliyofunguliwa mwaka 1906. Humo ndimo wazo lake lilipokomaa. Alieleza kuwa juu ya seli kuna vipokezi, kila kimoja na umbo lake, na kwamba dawa haiwezi kufanya kazi mpaka ishikwe na kipokezi kinachoafikiana nayo. Lengo likawa kutafuta dawa itakayoshikwa na kimelea na kumpita mgonjwa bila kumgusa.

Adui aliyemchagua kwa majaribio alikuwa tripanosoma, jamii ya vimelea ambavyo barani Afrika huenezwa na mbung'o na kuleta malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Mwaka 1903 ugonjwa huo ulikuwa ukiteketeza pwani za ziwa Victoria. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu laki mbili walikufa nchini Uganda katika mlipuko ule, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa kando ya ziwa, vijiji vikabaki magofu. Mwaka 1904 Ehrlich na msaidizi wake Mjapani, Kiyoshi Shiga, baada ya kujaribu rangi zaidi ya 100, walipata moja iliyowaponya panya walioambukizwa aina moja ya tripanosoma. Wakaiita nyekundu ya tripani. Furaha ilikuwa fupi, kwani haikufaa dhidi ya aina nyingine za vimelea hivyo.

Koch, kwa upande wake, alikuja Afrika Mashariki. Alianzia Amani katika milima ya Usambara, akafika Mwanza, kisha akavuka kwenda Sese akiwa na Atoxyl. Upofu wa wagonjwa wake ulionyesha kwa ukatili kile ambacho rangi zilikuwa zikimfundisha Ehrlich: dawa isiyochagua humshika mgonjwa pamoja na kimelea. Mwaka 1907 Ehrlich na mkemia Alfred Bertheim walibaini umbo halisi la kikemikali la Atoxyl, wakaanza kulibadilisha kipande kwa kipande na kujaribu mamia ya michanganyiko.

Katika kazi hiyo aliona jambo lililomsumbua: vimelea vilivyopewa dozi ndogo mara kwa mara vilizoea dawa, na kizazi baada ya kizazi havikuidhuriki tena. Alieleza kuwa vipokezi vyao vimepoteza uwezo wa kuishika. Katika miaka ya 1930 watafiti walilithibitisha wazo hilo kwa njia ambayo ingempendeza. Walichukua akriflavini, rangi ya manjano iliyotengenezwa mwaka 1912 kwa ajili ya majaribio yake, ambayo hung'aa chini ya hadubini ya mwanga usioonekana. Tripanosoma wa kawaida waling'aa, kwa kuwa rangi iliwaingia. Wale sugu walibaki gizani. Usugu ulionekana kwa macho kama mlango uliofungwa.

Mchanganyiko namba 606 uliwekwa kando mwanzoni. Mwaka 1909 mtafiti mwingine kutoka Japani, Sahachiro Hata, aliujaribu upya kwa sungura wenye kaswende, na vidonda vikapona. Mwaka 1910 uliingia sokoni kwa jina la Salvarsan, baada ya dozi zipatazo 65,000 kugawiwa kwa madaktari bila malipo ili waijaribu. Kwa mara ya kwanza kaswende ilipata dawa ya kweli.

Utukufu ulikuja pamoja na maumivu. Dawa ilikuwa ngumu kuandaa, na kosa dogo liliweza kumdhuru mgonjwa. Baadhi ya wagonjwa walikufa. Magazeti yalimshambulia, wengine kwa chuki dhidi ya Wayahudi, na mwaka 1914 Ehrlich alisimama mahakamani Frankfurt kama shahidi katika kesi ya kashfa iliyohusu dawa yake. Mshtaki wake alihukumiwa kifungo, lakini afya ya Ehrlich ilikuwa imekwisha kudhoofika. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, alihuzunika kuona maabara zikitenganishwa na mipaka ya majeshi. Alifariki tarehe 20 Agosti 1915 mjini Bad Homburg, akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa katika makaburi ya Wayahudi Frankfurt. Wanazi walipotawala, jina lake liliondolewa katika barabara iliyokuwa imepewa jina hilo, na mjane wake akalazimika kuihama nchi.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, wakemia wa kampuni ya Bayer walifuata njia ya rangi zake za tripani na kutengeneza dawa isiyo na rangi, iliyokuja kuitwa suramini. Kwa miongo mingi ilikuwa tegemeo dhidi ya malale ya aina ya Afrika Mashariki, inayopatikana Tanzania, Malawi, Zambia na Uganda. Lakini suramini hutibu hatua ya kwanza tu ya ugonjwa. Kimelea kikishavuka na kuingia katika ubongo, haikifikii. Ukuta ule ambao Ehrlich aliuona mwaka 1885 bila kuutambua husimama kati ya dawa na mgonjwa. Kwa hatua hiyo ya pili madaktari walilazimika kwa miaka mingi kutumia melarsoprol, dawa ya arseniki iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya kila 20 waliotibiwa nayo.

Ndiyo maana, kabla dawa mpya ya malale haijafika kijijini, watafiti hupima kwanza kama inaingia ndani ya kimelea na kama inavuka kwenda ubongoni. Mara nyingi hufanya hivyo kwa kuifungia molekuli chembe ing'aayo na kuitazama inakokwenda, kama vile tabibu kijana wa Berlin alivyoutazama mstari wa kijani katika jicho la sungura.