As-Suli, bingwa wa Baghdad aliyenifunza kuyasoma makosa yangu

Wiki hii nawaandikia kutoka Murang'a, nilikokuja kwa shughuli za kazi. Baridi ya huku si ya mtu wa pwani. Baada ya Magharibi hujisogeza kwenye kibanda cha kijana mmoja fundi simu, tukacheza sataranji, ambayo wao huiita chesi, ubao ukiwa juu ya kreti ya soda.

Kwetu barazani mimi nahesabiwa mjuzi. Hapa nimefungwa mara tatu kwa siku mbili. Kijana akaniingizia mchezo wa tatu kwenye Stockfish, programu ya bure inayokagua mchezo hatua kwa hatua. Hupima kwa alama, na alama 1 ni kama thamani ya askari mmoja. Ikasema hadi hatua ya 13 tulikuwa sawa, na ya 14 nikaporomoka alama 3. Ikanionyesha na hatua iliyokuwa bora. Nikatikisa kichwa kana kwamba nimeelewa, nikaenda kulala. Kesho yake nikarudia kosa lilelile.

Usiku huo nilimkumbuka Abu Bakr Muhammad bin Yahya as-Suli.

Alizaliwa yapata mwaka 880, katika ukoo wa watawala wa Jurjan, karibu na bahari ya Kaspi, na akaishi Baghdad zama za Bani Abbas. Alikuwa mwanachuoni wa adabu na historia, mtu wa vitabu vingi. Lakini lililompa jina mpaka leo ni sataranji.

Khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia 902 hadi 908, alikuwa na mchezaji wake kipenzi aitwaye al-Mawardi (si yule mwanachuoni wa fiqhi aliyekuja baadaye). As-Suli alipoletwa kupambana naye, Khalifa aliegemea waziwazi upande wa kipenzi chake. As-Suli mwanzo akababaika, kisha akatulia na kumshinda al-Mawardi ushindi usio na ubishi. Khalifa akageuka papo hapo, na al-Mawardi akapoteza nafasi yake. Sifa za barazani hazikumfaa kitu mbele ya ubao.

As-Suli hakulewa sifa. Alikichukua kitabu cha al-Adli, bingwa wa karne iliyotangulia, akakipitia na kukikosoa. Naye akaandika vyake kuhusu mchezo huo: namna ya kupanga kete mwanzoni, na mafumbo ya mwisho wa mchezo. Alimfunza pia al-Lajlaj, ambaye naye aliandika kueleza sababu za hatua. Kwa lugha ya leo, kazi wanayoifanya vijana kwa simu, as-Suli aliifanya kwa kichwa na kalamu, miaka elfu moja na zaidi iliyopita.

Fumbo lake moja siku hizi huitwa Almasi ya as-Suli. Kila upande una mfalme na waziri tu, na waziri wa zama zile alikwenda hatua moja ya mshazari, si kama malkia wa leo anayevuka ubao mzima. Kete nne, basi. As-Suli alidai hakuna awezaye kulifumbua ila aliyefunzwa naye, na jibu hakuliandika. Lilikaa karne kwa karne, hadi miaka ya 1980 bingwa wa Urusi, Yuri Averbakh, alipolifumbua. Kompyuta ya leo, kwa kete nne, inaweza kuhesabu njia zote zilizopo.

As-Suli alikuwa mwalimu wa ar-Radi, aliyekuja kuwa Khalifa mwaka 934, na akaishi kwa heshima kwenye majlisi yake. Ar-Radi alipofariki mwaka 940, mlango wa heshima ukafungwa. As-Suli aliondoka Baghdad, na yapata mwaka 946 akafia Basra akiwa mafichoni, kwa sababu ya habari aliyoisimulia kuhusu Sayyidna Ali. Hakubakiwa na cheo wala mlinzi. Lakini karne tatu baadaye, Ibn Khallikan aliandika kwamba watu wakitaka kumsifu mchezaji hodari bado walikuwa wakimfananisha na as-Suli.

Mimi nikaona kosa langu liko wapi. As-Suli alituachia swali bila jibu, watu wakakesha nalo. Simu inanipa jibu kabla sijauliza swali, nami nikadhani nimeshajua. Mashine haibembelezi kama watu wa baraza, na hilo ni jema. Lakini inakwambia ulipoanguka tu. Kwa nini ulianguka, hiyo ni kazi yako.

Basi jana mchana niliuandika mchezo wangu kwenye karatasi, simu nikaifunika. Nilitafuta mwenyewe nilipokosea na nilichokuwa nawaza pale. Nikagundua kila nikitishwa hukimbilia kusogeza askari walio mbele ya mfalme wangu, nikamwacha wazi. Hapo ndipo nikaiuliza mashine, nayo ikakubaliana nami.

Najua wapo watakaouliza hukumu ya mchezo wenyewe. Masheikh wametofautiana, na katika madhehebu yetu ya Shafi wengi wameuona makuruhu. Ukiingia kamari, au ukakupitisha sala, hapo hakuna mjadala. Sisi hatuwekeani hata shilingi, na ikifika Isha ubao unafunikwa.

Jana usiku nilitishwa tena, kwenye hatua ya 12. Mkono ulikwenda kwa askari, nikaurudisha. Tumetoka sare. Kijana amesema leo tutarudiana.

Wabillahi tawfiq.